Kwa nini dawa huteleza kwenye majani, na jinsi ya kuisaidia ipenye

MKULIMA aliyenunua dawa kwa pesa nyingi huamini kwamba kazi imekwisha pindi anapoiteremsha pampu kutoka mgongoni. Siku chache baadaye, viwavi bado wanatafuna kabeji, thripsi wamejificha ndani ya vitunguu, na magugu yaliyonyunyiziwa yamesimama wima kana kwamba hayakuguswa. Aghalabu lawama huelekezwa kwa mwenye duka la agroveti, kwamba ameuza dawa bandia.

Dawa bandia zipo, na wadudu nao hujenga usugu. Lakini kuna sababu ya tatu ambayo haizungumziwi sana. Dawa halali, iliyopimwa barabara, inaweza kushindwa kufanya kazi kwa sababu haikutua juu ya jani, au ilitua ikateleza, au ilibaki juu ya jani bila kupenya hadi ikakauka. Mkulima asiyelijua hilo huongeza kipimo au hurudia kunyunyizia. Gharama hupanda, masalio ya dawa kwenye mboga huongezeka, na kiini cha tatizo husalia palepale.

Hapo ndipo vinapoingia visaidizi vya dawa, ambavyo wataalamu wa zaraa huviita ajuvanti. Madukani wengi huviita tu 'stika' au 'spreda'. Hivi ni viungo vinavyotiwa ndani ya maji ya kunyunyizia ili kuisaidia dawa ikae, isambae, ipenye au isiharibike. Kwa kawaida vyenyewe havikusudiwi kuua mdudu wala gugu. Vikitumiwa panapostahili, huokoa pesa na mazao. Vikitumiwa ovyo, huunguza mimea na kuhatarisha afya ya mlaji.

Jani limejengwa kufukuza maji

Ili kuelewa kazi ya visaidizi, ni sharti kwanza kulielewa jani. Uso wa jani umefunikwa na utando mwembamba ambao kazi yake kuu ni kuuzuia mmea usipoteze maji na kuukinga dhidi ya vimelea. Utando huo umeundwa kwa kutini, ambayo ni kama wavu mgumu wenye asili ya mafuta, na nta iliyojaa ndani ya wavu huo na kutandazwa juu yake. Unene wake hutofautiana kati ya mmea na mmea, kuanzia chini ya mikromita moja hadi zaidi ya mikromita 10. Hata ule mnene kabisa ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu mara kadhaa, lakini kwa tone la maji ni ukuta.

Mfano bora ni jani la nduma linaloota kandokando ya mito na chemchemi. Maji yakimwagiwa juu yake hujikunja yakawa duara, yakabingirika na kuanguka, huku jani likibaki kavu. Mwaka wa 1997, wataalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walieleza kwa kina jinsi vinundu vidogo vya nta kwenye majani ya aina hiyo vinavyolifanya tone lisiguse uso wa jani ila katika sehemu chache mno. Hewa hubaki chini ya tone, nalo tone huteleza likibeba vumbi.

Kabeji, sukuma wiki, vitunguu na njegere zina nta ya namna hiyo. Rangi ya kijivujivu inayoonekana kwenye jani la kabeji, ambayo hufutika kwa kidole, ndiyo nta yenyewe. Nyasi nyingi nazo, yakiwemo magugu sugu ya shambani, huwa na majani yaliyosimama na yenye nta, hivyo dawa huzitiririka haraka. Kinyume chake, majani ya maharagwe hulowa kwa urahisi zaidi. Hii ndiyo sababu dawa ile ile, kwenye pampu ile ile, inaweza kufaulu katika shamba moja na kuambulia patupu katika shamba la pili.

Umri na hali ya mmea huongeza tofauti hiyo. Jani changa aghalabu hupenywa kwa urahisi kuliko jani lililokomaa. Mmea ulioteswa na ukame hufunga stomata zake, hupunguza usafirishaji wa chakula mwilini mwake na huimarisha utando wake. Gugu lililonyauka kwa kiu, kwa hivyo, ni gumu kuuawa kuliko gugu lililonawiri baada ya mvua.

Safari ya tone

Kutoka kwenye nozeli hadi ndani ya mmea, dawa hupita hatua sita, na katika kila hatua sehemu yake inaweza kupotea. Kwanza maji hukatwakatwa kuwa matone. Pili, matone husafiri hewani, ambako yale madogo hupeperushwa na upepo au kukauka kabla ya kutua. Tatu, tone hugonga jani, likashika au likaruka. Nne, husambaa. Tano, dawa iliyomo hupenya utando. Sita, husafiri ndani ya mmea hadi inakohitajika.

Ukubwa wa matone una uzito wake. Kipenyo cha tone kikipunguzwa kwa nusu, kiasi kile kile cha maji hutoa matone manane badala ya moja, na eneo linalofikiwa huongezeka. Lakini tone dogo kupindukia huchukuliwa na upepo, ilhali tone kubwa huruka lipigapo jani lenye nta. Vilevile, maji mengi kupita kiasi si dawa nyingi. Majani yakishaanza kudondosha maji, dawa inayoongezwa huishia ardhini.

Kisaidizi hakiwezi kutibu makosa yote hayo. Hakiponyi nozeli iliyochakaa, wala hakizuii upepo wa adhuhuri. Nguvu zake hasa zimo katika hatua ya tatu, ya nne na ya tano.

Kwa nini maji hujikunja

Chembe za maji huvutana zenyewe kwa nguvu. Zilizo ndani ya tone huvutwa kutoka pande zote, lakini zilizo kwenye uso huvutwa kuelekea ndani. Matokeo yake ni kwamba uso wa tone hujikaza kama ngozi ya ngoma. Wanasayansi huita hali hiyo mvutano wa uso. Kwa maji safi yenye joto la kawaida, mvutano huo ni milinyutoni 72 hivi kwa kila mita, kiwango kikubwa kikilinganishwa na cha vimiminika vingi.

Nta haiyavutii maji. Hivyo basi, tone likikaa juu ya jani lenye nta, huvutwa zaidi na nafsi yake kuliko linavyovutwa na jani, nalo hujikunja. Ili lisambae, ni lazima mvutano huo upunguzwe.

Viungo vinavyofanya kazi hiyo huitwa safaktanti. Kila chembe yake ina pande mbili, upande mmja hupenda maji na wa pili hupenda mafuta. Ikitiwa ndani ya maji, hukimbilia kwenye uso wa tone na kujipanga pale, kichwa majini na mkia nje. Mpangilio huo hulegeza ile ngozi ya maji. Safaktanti za kawaida huushusha mvutano hadi milinyutoni 30 hivi au zaidi kidogo. Zile zenye silikoni huushusha hadi kati ya 20 na 25, na tone moja likaenea na kufunika eneo kubwa mara nyingi kuliko tone la maji matupu.

Kuna kikomo lakini. Uso wa tone ukishajaa chembe za safaktanti, zinazoongezwa hukusanyika katika vifungu vidogo ndani ya maji, na mvutano haushuki tena. Mkulima anayemimina kizibo kizima pale panapohitajika nusu hapati usambazaji maradufu. Tone husambaa mno, maji hutiririka, na dawa hudondoka chini.

Milango mitatu ya kuingilia

Kusambaa si kupenya. Tone linaweza kulifunika jani lote na bado dawa ikabaki nje. Kuna njia tatu ambazo dawa huweza kutumia kuingia.

Njia ya kwanza ni kupitia nta yenyewe. Dawa zinazopenda mafuta huyeyuka ndani ya nta, zikasonga polepole hadi upande wa pili. Safaktanti na mafuta husaidia hapa kwa kuilainisha nta, ili chembe za dawa zipite kwa wepesi zaidi. Kazi hii ni tofauti na ile ya kusambaza tone, na ndiyo sababu kisaidizi kinachosambaza vizuri si lazima kiwe kile kinachopenyeza vizuri.

Njia ya pili ni ya dawa zinazopenda maji, kama vile chumvi na mbolea nyingi za majani. Hizi hupita katika vinjia vidogo mno vya maji vilivyomo ndani ya utando. Urea, ambayo chembe yake ni ndogo na haina chaji ya umeme, hupita kwa urahisi. Kalsiamu, zinki na madini ya chuma hupata taabu zaidi. Njia hii hutegemea unyevu. Hewa ikiwa na unyevu, utando hufura na vinjia hufunguka. Hewa ikiwa kavu, vinjia hujifunga na dawa hubaki juu ya jani kama punje za chumvi. Kwa hiyo baadhi ya visaidizi, kama gliserini, huwekwa ili tone lisikauke upesi.

Njia ya tatu ni stomata, yaani vile vitundu ambavyo jani hupumulia. Wengi hudhani dawa huingia hapo moja kwa moja. Ukweli ni kwamba maji ya kawaida hayaingii. Mnamo 1972, watafiti Jörg Schönherr na Martin Bukovac walionyesha kwamba umbo la stomata na mvutano wa maji huzuia kimiminika kupenya chenyewe, isipokuwa mvutano ukishuka sana. Safaktanti za kawaida hazifikii kiwango hicho. Zile za silikoni hufikia, na zinaweza kuifurikisha dawa ndani ya jani kwa muda wa dakika chache.

Uwezo huo ulipata umaarufu miaka ya 1980 nchini New Zealand, ambako safaktanti ya silikoni ilichanganywa na dawa ya magugu ya glaifoseti ili kupambana na kichaka chenye miiba kilichokuwa kimevamia malisho. Mvua ya ghafla haikuweza tena kuiosha dawa yote, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa imekwisha kuingia. Hata hivyo, majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba katika baadhi ya nyasi, mchanganyiko huo huo ulipunguza upenyaji wa glaifoseti badala ya kuuongeza. Hakuna kisaidizi kimoja kinachofaa kila dawa na kila mmea.

Kutoka sabuni hadi silikoni

Fikra yenyewe si ngeni. Katika karne ya 19, wakulima wa Marekani na Ulaya walichanganya mafuta ya taa na sabuni ili kuua wadudu kwenye matunda. Sabuni iliyaunganisha mafuta na maji, ikasaidia pia mchanganyiko kushika. Mwanzoni mwa karne ya 20, unga, molasi, gundi na protini ya maziwa vilitiwa ndani ya dawa ili zisambae na zisioshwe na mvua. Baadaye viwanda vya kemikali vilianza kutengeneza safaktanti ambazo haziharibiwi na maji magumu kama sabuni.

Leo visaidizi vinavyouzwa madukani huweza kugawanywa katika makundi manne makuu.

La kwanza ni safaktanti. Zinazotumika zaidi ni zile zisizo na chaji ya umeme, kwa sababu hazigombani na dawa nyingi. Kipimo chake kwa kawaida ni kati ya asilimia 0.1 na 0.25 ya maji, yaani mililita 20 hadi 50 kwa pampu ya lita 20. Zile za silikoni zina nguvu zaidi, na kipimo chake huwa kidogo, aghalabu mililita 5 hadi 20 kwa pampu kama hiyo.

La pili ni mafuta. Haya ni mafuta ya madini au ya mbegu, kama vile soya, yaliyotiwa kiungo cha kuyachanganya na maji. Hulainisha nta na hufaa hasa kwa dawa zinazoua magugu ya jamii ya nyasi ndani ya mimea yenye majani mapana. Kipimo chake hukaribia asilimia moja, sawa na mililita 200 kwa lita 20.

La tatu ni stika halisi, yaani vinata. Hivi hutengenezwa kwa utomvu wa misonobari, mpira au plastiki laini, na huacha utando unaoishikilia dawa isioshwe na mvua. Jina 'stika' limezoeleka kwa visaidizi vyote, ingawa kinachosambaza tone na kinachoibandika dawa ni vitu viwili tofauti. Mkulima anayeomba stika anaweza kuuziwa kimoja akidhani ni kingine.

La nne ni virekebishaji vya maji. Hivi havigusi jani, bali huyatengeneza maji kabla ya dawa kutiwa. Ni kundi linalopuuzwa sana, ilhali katika maeneo mengi ya Kenya ndilo lenye manufaa makubwa.

Maji nayo ni dawa au sumu ya dawa

Glaifoseti ni mfano unaoeleweka vyema. Uwezo wake wa kuua magugu uligunduliwa mwaka wa 1970 na mkemia wa kampuni ya Monsanto, John Franz, na ikaanza kuuzwa 1974. Dawa hii huyeyuka vizuri katika maji na haipendi nta, hivyo bila safaktanti hupenya kwa taabu. Viwanda vingi huitia safaktanti kabla ya kuifunga chupani. Mkulima anayeongeza nyingine bila kusoma maagizo huenda anapoteza pesa.

Lakini adui mkubwa wa glaifoseti ni maji magumu. Kalsiamu na magnesi iliyomo ndani ya maji hayo huishika dawa na kuunda mchanganyiko usiopenya jani kwa urahisi. Suluhisho la bei nafuu ni mbolea ya salfeti ya amonia, gramu 200 hadi 400 kwa lita 20 za maji, iyeyushwe kabisa kabla ya dawa kutiwa. Salfeti huinasa kalsiamu, nayo amonia huungana na dawa katika umbo linaloingia kwa wepesi. Maji yenye matope nayo huidhoofisha glaifoseti, kwa sababu dawa hunatana na chembe za udongo. Mkulima anayechota maji ya mto uliofurika, au anayenyunyizia magugu yaliyojaa vumbi la barabara, hupoteza sehemu ya dawa kabla haijafanya kazi.

Maji ya kisima hutofautiana na eneo. Sehemu nyingi za Ukambani zina maji ya visima yenye chumvi. Katika Bonde la Ufa, visima vingi hutoa maji yenye bikaboneti ya sodiamu na kiwango cha juu cha alkali. Baadhi ya dawa za wadudu na za ukungu huvunjika haraka katika maji ya aina hiyo. Kaptani, ambayo ni dawa ya ukungu, hudumu saa kadhaa katika maji yasiyo na asidi wala alkali, lakini kipimo cha pH kikifika tisa, nusu yake huharibika kwa dakika chache tu. Mkulima anayechanganya dawa asubuhi na kuimaliza alasiri huenda ananyunyizia maji matupu.

Hali hiyo hurekebishwa kwa viungo vya asidi vinavyoshusha pH hadi kati ya tano na sita hivi, kiwango kinachozifaa dawa nyingi. Kinachohitajika ni karatasi ya kupimia pH. Hata hivyo, si kila dawa hupenda asidi. Dawa za shaba, zinazotumika sana katika kahawa, zikitiwa katika maji ya asidi huachilia shaba nyingi kwa mkupuo na kuunguza majani. Baadhi ya dawa za magugu nazo huvunjika katika asidi. Maagizo ya chupa ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Dawa isiyotakiwa kupenya

Kosa jingine ni kudhani kwamba kila dawa inapaswa kuingia ndani ya jani. Kuna dawa za kusafiri mwilini mwa mmea, na kuna za mguso, ambazo kazi yake ni kukaa juu ya jani kama mlinzi langoni. Dawa nyingi za kuzuia ukungu, zikiwemo za shaba na salfa, ni za kundi hilo la pili. Zinahitaji kusambaa sawasawa na kutooshwa na mvua. Zikisukumwa ndani ya jani kwa mafuta au silikoni, huweza kuua seli za mmea wenyewe.

Salfa na mafuta, kwa mfano, havipatani. Kanuni inayofuatwa na wakulima wa matunda ni kuacha angalau majuma mawili kati ya kunyunyizia kimoja na kingine. Jua kali la mchana huongeza hatari ya kuungua.

Kwa mkulima wa kabeji anayepambana na viwavi wa nondo, lengo ni jani lote lifunikwe, hasa upande wa chini walikojificha viwavi. Safaktanti ya kawaida, kwa kipimo cha chini, hutosha. Kwa mkulima wa vitunguu, thripsi hujibanza kwenye shingo ya mmea ambako majani yanakutana. Hapo dawa inayoteremka hadi shingoni ina faida kuliko inayong'ang'ania ncha ya jani.

Sabuni ya jikoni haitoshi

Wakulima wengi hutumia sabuni ya kufulia badala ya kisaidizi kilichokusudiwa. Ni kweli sabuni hushusha mvutano wa maji, na sabuni maalumu huua wadudu laini kama vidukari. Lakini sabuni ya kipande ina alkali, ambayo huharibu dawa zilizotajwa hapo juu. Katika maji magumu huganda na kuwa utandu mweupe unaoziba nozeli. Sabuni ya unga hufanya povu jingi, na huwa na viungo vya kung'arisha nguo ambavyo havikupimwa kwa mimea wala kwa chakula. Ikizidi, huivua nta ya jani, na mmea hubaki bila kinga dhidi ya jua na magonjwa.

Hatari zisizoonekana

Kisaidizi si maji. Neno 'saidizi' lisimfanye mkulima aache glavu, barakoa na mabuti. Kitu kinachofungua nta ya jani hakiwezi kudhaniwa kuwa salama kwa ngozi ya mtu, na baadhi ya safaktanti huwasha macho na ngozi.

Nchi mbalimbali zimechukua hatua. Mwaka wa 2003, Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi mengi ya safaktanti za kundi la nonilifenoli, ambazo huvuruga homoni za viumbe wa majini. Mwaka wa 2016, umoja huo ulipiga marufuku safaktanti itokanayo na mafuta ya wanyama, ijulikanayo kama POEA, isichanganywe tena na glaifoseti. Safaktanti hiyo ilionekana kuwa na sumu kuliko dawa iliyokuwa ikiisaidia.

Nyuki nao hawakusalimika. Utafiti wa wanasayansi wa Marekani uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba nyuki waliolishwa visaidizi vya silikoni walishindwa kujifunza kutambua harufu inayoambatana na chakula. Nyuki asiyekumbuka harufu ya ua hana faida kwa mzinga wala kwa mkulima anayehitaji uchavushaji. Kunyunyizia jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, hupunguza madhara hayo.

Kisha kuna mlaji. Muda wa kusubiri kabla ya kuvuna, ulioandikwa kwenye chupa, hukadiriwa kwa dawa iliyotumiwa kulingana na maagizo. Mkulima anayebuni mchanganyiko wake ili dawa ipenye zaidi hawezi kuwa na hakika kwamba siku hizo bado zinatosha. Wakulima wa Kenya wanaijua gharama ya masalio. Mwaka wa 2013, Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa shehena za mishiri na njegere kutoka nchini kwa sababu ya mabaki ya dawa, na wakulima wadogo wakaumia kwa kukosa soko.

Hatua za kufuata

Kwanza, mkulima asome karatasi ya maagizo. Ikisema dawa itiwe kisaidizi fulani, kitiwe. Ikisema tayari kimo, asiongeze. Chini ya sheria ya mwaka wa 1982, dawa za mimea nchini hukaguliwa na kusajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu, ijulikanayo kwa kifupi kama PCPB. Bidhaa isiyo na nambari ya usajili iepukwe.

Pili, ajaribu maji matupu. Ayanyunyizie kwenye majani machache na kutazama. Yakisambaa yenyewe, huenda kisaidizi cha kusambaza hakihitajiki. Yakijikunja na kubingirika, kinahitajika.

Tatu, afanye jaribio la chupa. Achanganye viungo vyote kwa vipimo vidogo ndani ya chupa angavu, avitikise, aviache kwa nusu saa. Vikiganda, vikitengana au vikipata joto, mchanganyiko huo usitiwe kwenye pampu. Chupa hiyo isitumike tena kwa chakula au kinywaji.

Nne, azingatie mpangilio. Pampu ijazwe maji nusu, kisha kirekebishaji cha maji, ndipo dawa za unga, zikifuatwa na dawa za majimaji. Safaktanti hutiwa mwisho ili povu lisizidi, kisha maji hukamilishwa.

Tano, achague saa. Asubuhi mapema au jioni, pasipo upepo, hewa huwa na unyevu na tone huchelewa kukauka. Umande ukiwa mwingi asubuhi, asubiri upungue, la sivyo tone litaungana na umande na kudondoka.

Sita, ajaribu mistari michache kwanza, asubiri siku mbili au tatu kuona kama majani yanaungua, na aandike alichotumia, kipimo, saa na matokeo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na dawa ni mali. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayomwezesha, msimu ujao, kubainisha iwapo aliyemwangusha ni muuzaji, mdudu sugu, maji ya kisima au nta ya jani.